Gari ya ng'ombe tuliyojengea nyumba Ole masika yote: nyota nne kati ya tano

Nyota nne, na hiyo moja nimeikata kwa sababu ya simu na kwa sababu ya hesabu za mchanga, nitaeleza huko mbele. Lakini mapema kabisa niseme, mtu akijenga ndani ndani huku Pemba wakati wa mvua na njia yake ni ya udongo, asihangaike na fuso wala kanta wala kirikuu, atafute gari ya ng'ombe kabla hajachimba hata msingi na aelewane na mwenyewe vizuri, maana fundi utapata mwengine lakini ng'ombe wa kupanda kilima na saruji kwenye utope hawapo wengi hivo, na wakianza kutafutwa wanatafutwa na kila mtu siku moja.

Sie kwetu Ole, lakini sio Ole ya barabarani. Ukishuka barabara ya Chake kwenda Wete unaingia njia ya ndani, unateremka bonde la mpunga, halafu unapanda kilima cha mikarafuu ndo ufike. Kiangazi gari yoyote inafika, hata kosta ya harusi imeshafika na watu wamejaa na ngoma juu. Masika sasa, ule udongo mwekundu ukipigwa na mvua mbili tatu tu hata miguu haishiki, watu wanavua ndara wanazitia mkononi wanapita pekupeku, mwenye baskeli anaibeba yeye badala ya kubebwa.

Mtu atauliza kwani lazima mjenge masika? Tumeulizwa na kila aliyepita pale na mwavuli wake. Pesa yetu ni ya karafuu, na pesa ya karafuu ukisema uiweke mpaka kiangazi hukuti kitu, itakuja harusi, itakuja hitima, itakuja yunifomu za skuli, mwisho unabaki na karatasi ya kupimia tu. Na nyumba ya zamani ilikuwa ya kukandika, fito na udongo, ukuta wa upande wa jikoni ushaachana na nguzo, bi mkubwa analala chumba cha mbele anausikiliza. Kwa hiyo Iddi ya 2025 ilipomalizika, mwisho wa mwezi wa tatu ule, baba akasema tunaanza, na tukaanza. Nyumba tumejenga wenyewe, kaka mkubwa ana mkono wa ujenzi, ami anajua mbao, baba kazi yake kupima na kugomba, mie na wifi na wadogo zetu ndo wa maji, karai, na kuchanganya zege. Mafundi wa nje tuliwaita kwenye mkanda wa zege juu ya kuta na kenchi za paa tu basi.

Shemeji yetu yuko Uingereza, alipoona picha akashangaa, anasema kule wakati wa baridi kazi ya zege inasita, joto likishuka chini ya nyuzi 5 wanafunika kwa mablanketi au wanaacha kabisa, maana maji yaliyomo kwenye zege yakiganda kabla haijashika kazi imeharibika. Nikamwambia sie tatizo letu ni jengine, saruji yetu inashika vizuri tu, shida ni kuifikisha ikiwa bado saruji. Kipupwe chenyewe huku usiku ukifika nyuzi 22 mtu keshavaa sweta na kofia ya barza anaomba chai ya tangawizi.

Na kusema kweli mvua ina faida yake kwenye ujenzi ambayo watu hawaisemi. Saruji haikauki kama nguo inavyokauka, inashikana kwa maji, ndo maana fundi anakwambia umwagie tofali na zege maji siku saba angalau, na nguvu yake yenyewe inahesabiwa siku 28. Kiangazi huku kwetu maji ni kuchota kisimani na madumu, watoto wanachoka mpaka wanajificha. Masika tulikuwa tunafyatua matofali, tunayafunika turubai siku ya mwanzo ili mvua isiyatoboe yakiwa mabichi, kesho yake tunafunua, na kazi ya kumwagia inafanywa na Mola mwenyewe. Kuta zetu hazina nyufa mpaka leo, mashaallah.

Sasa usafiri. Mzigo wa mwanzo, mawe ya msingi na saruji, tuliuleta na fuso la kukodi kutoka Chake. Dereva alifika pale njia ya ndani inapoanza, akashuka, akautia mguu wake kwenye udongo, akarudi garini. Hakusema kitu. Akashusha mzigo wote pembeni ya barabara na pesa yake kamili akachukua, maana kwake yeye safari ni Chake mpaka Ole na Ole ndo ile. Simlaumu sana, ukiliingiza fuso mle unalitoa mwezi wa saba. Lakini sasa umebaki na rundo la saruji barabarani, mawingu meusi upande wa Vitongoji yanakuja, na kila mpita njia anakupa ushauri.

Bodaboda wapo, wanabeba mifuko miwili nyuma, elfu mbili kwa mfuko. Kijana wa kwanza alifika salama, wa pili akaanguka bondeni na mfuko ukapasukia kwenye mpunga wa watu, tukalipa saruji na tukamuomba radhi mwenye mpunga. Mkokoteni wa kusukuma kwenye kiangazi sawa, kwenye utope gurudumu lile jembamba linazama unabaki unasukuma ardhi. Ndo akaja mtoto wa jirani akasema kwani mzee wa gari hamjamwambia?

Gari yenyewe usifikiri kitu cha ajabu, ni ekseli ya gari bovu na matairi mawili ya upepo, juu mbao, mbele miti miwili mirefu na ng'ombe mmoja katikati yake, nira imekaa shingoni mbele ya nundu. Matairi yale mapana ndo siri yake, hayakati udongo kama gurudumu la toroli, na ng'ombe kwato zake zinashika pale ambapo tairi la fuso linazunguka bure. Halafu hana haraka. Fuso likikwama dereva anakanyaga mafuta na ndo anazidi kuchimba, ng'ombe akikwama anasimama, anavuta pumzi, mzee anamsemesha, anajaribu tena kwa ubavu. Ng'ombe huyu anaitwa Bwana Harusi, kwa sababu anatembea polepole na anapenda kuangaliwa.

Mzigo wake wa kawaida ni mifuko kumi ya saruji, kwa kilo 50 mfuko mmoja hiyo ni nusu tani. Tripu moja kutoka barabarani mpaka kwetu tulikuwa tunampa elfu kumi kwa saruji na elfu nane kwa mchanga, sasa piga mwenyewe, mifuko kumi kwa bodaboda ni elfu ishirini na bado roho iko juu. Mvua ikiwa kubwa mzee anapunguza mwenyewe, anachukua saba au nane, na bei anaacha ile ile kwa tripu, hapo mwanzo baba aligomba lakini baadae tukaona ana haki, afadhali mifuko saba iliyofika kuliko kumi iliyolala bondeni.

Kitu kimoja jamani, usimpangie mzigo. Kaka alijaribu, yeye anajiona fundi, akaanza kuweka mifuko nyuma ili iwe rahisi kushusha. Mzee akaitoa yote akaanza upya, akamwambia "mwanangu wewe jenga ukuta, mie nipange gari." Gari ya magurudumu mawili ukizidisha uzito nyuma ile miti ya mbele inanyanyuka na kamba inamkaba ng'ombe koo, ukizidisha mbele uzito wote unamkalia shingoni, kwa hiyo mzigo unatakiwa ukae sawa juu ya ekseli, na kwenye kupanda anausogeza mbele kidogo maana kilima chenyewe kinaurudisha nyuma. Haya yote anayafanya kwa macho tu. Anainua ule mti kwa mkono mmoja, akiuona mwepesi kiasi anachotaka yeye ndo anamfunga Bwana Harusi.

Kwenye kile kilima cha mikarafuu tanboi ni nyie wenye nyumba, hilo halimo kwenye bei lakini lijue. Wawili wanasukuma nyuma, mmoja anatembea na jiwe kubwa mkononi, gari ikisimama tu analiweka nyuma ya tairi ili isirudi. Kazi ya jiwe alipewa mdogo wetu wa darasa la sita na aliifanya kwa kujidai sana, mpaka skuli alikuwa anawaambia wenzake anafanya kazi ya breki.

Kufunika saruji sasa, hapa nampa mzee nyota zote. Ana turubai lake mwenyewe, zito, halafu chini ya turubai anataka nailoni, na chini ya mifuko anatandika makuti mabichi ili maji yanayoruka kutoka kwenye tairi yasiingie kwa chini, kwa sababu watu wengi wanafunika juu wanasahau kwamba njia yenyewe ina maji. Mvua imetukamata katikati ya safari mara kadhaa na mifuko ilifika mikavu. Iliyolowa kidogo pembeni ilitokea dukani, na hilo ndo nawaambia mkinunua masika bonyezeni kona za mfuko kabla haujapakiwa, ikiwa ngumu kama jiwe uache hapo hapo. Saruji hata ikiwa ndani inanyonya unyevu wa hewa, ikikaa miezi mitatu nguvu inapungua, na duka lenye mzunguko mdogo masika linaweza kukuuzia iliyokaa. Nyumbani tuliiweka juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, iliyokuja mwanzo inatumika mwanzo. Vibonge vinavyopasuka kwa vidole tulivitumia kwenye sakafu ya banda la kuku, vile vya kupasuka kwa nyundo tulijazia shimo njiani, Bwana Harusi akavikanyaga.

Kidogo hapo kwenye saruji, kwa mwenye kununua: mfuko umeandikwa 32.5 au 42.5. Ile 42.5 ina nguvu zaidi na ni ghali, sie tuliitia kwenye nguzo na mkanda, matofali na lipu tukatumia 32.5, pesa iliyobaki ikalipa gari.

Haya, mchanga, na hapa ndo nyota yangu ilipoanza kukatika. Mchanga mzee anauza kwa tripu, gari ikijaa ni tripu, haipimwi. Kiangazi hakuna neno. Masika mchanga una unyevunyevu, na mchanga wenye unyevu unavimba, chembe zinaachana kwa yale maji yaliyokaa katikati, kwa hiyo gari imejaa mpaka juu lakini mchanga wenyewe ni mdogo kuliko gari hiyo hiyo ya mchanga mkavu. Ukilowa chapa maji kabisa unashuka tena, hii unaweza kuijaribu na ndoo nyumbani kwako ukaona. Tukawa tunanunua tripu nyingi na rundo halikui, baba anahisi tunaibiwa usiku, anatoka na tochi kumulika mchanga. Kaka ndo aliyegundua baada ya kuona kipimo chake cha zege kinamaliza saruji haraka, anapima ndoo ile ile, moja ya saruji mbili za mchanga nne za kokoto, lakini ndoo ya mchanga uliovimba haina mchanga wa ndoo kweli. Ikabidi aongeze mchanga kidogo na apunguze maji, maana mchanga mbichi unakuja na maji yake. Tulipomwambia mzee apunguze bei ya tripu alicheka sana, akasema gari imejaa haikujaa? Imejaa. Basi. Mwisho tukakubaliana anajaza kwa kupachika mbao moja juu ya ubavu wa gari, ikawa nafuu lakini mie bado naona huduma ya kubeba mchanga ingekuwa na kipimo.

Sifa yake kwenye mchanga ni kwamba ana njia halali. Mchanga Zanzibar ni wa kibali, haukokotwi popote, na masika wanapita vijana wanakunong'oneza wana mchanga wa pwani wa bei ya chini, wanaleta usiku. Mzee hakubali kuubeba hata umpe nini, na yuko sawa, mbali ya sheria ule una chumvi, ukiutia kwenye zege chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, baada ya miaka mkanda unapasuka vipande vinaanguka kichwani.

Kokoto tulinunua kwa kina mama wanaoponda mawe pembeni ya barabara, safi sana, zimepondwa sawasawa, na mzee akifika pale anashuka anasalimia kila mtu kwa jina, anauliza mtoto wa fulani keshapona, ng'ombe anakula majani ya watu, saa inakwenda. Ukiwa na haraka unapata presha. Mie nilijifunga tu nikakaa nikaponda mawe nao.

Nondo zilikuwa kichekesho. Nondo inakuja ya mita 12, imekunjwa katikati, bado ni mita sita, gari yenyewe haifiki hata nusu ya hapo. Mzee alizifunga upande wa mbele juu na nyuma akaziacha ziburure chini na kitambaa chekundu cha khanga ya wifi mwishoni ili wa bodaboda waone, tukapita bondeni nyuma yetu michirizi kwenye utope kama mtu kachora mistari ya daftari. Zilifika na udongo, tukaziosha kwa mvua, hakuna lililopinda.

Msingi ulitutesa lakini hilo sio la gari, nalipitia haraka: chimba kipande, jenga kipande, usichimbe wote ukauacha wazi usiku. Mtaro ukijaa maji toa kwa ndoo mpaka chini, na ule udongo uliogeuka uji utoe pia, ndo umwage zege. Anayemwaga zege ndani ya maji anamwaga pesa.

Kipupwe kikaingia, mvua zikapungua, kusi ikaanza kuvuma, tukafikiri tabu imekwisha. Njia ilianza kukauka kweli, lakini kusi ikichafua bahari vyombo vya mizigo vinachelewa kuingia Mkoani na Wete, na saruji na mabati yanakuja kwa vyombo hivyo, kwa hiyo maduka yakawa mara yana mara hayana. Hapo mzee akatusaidia kitu ambacho hakimo kabisa kwenye kazi yake, maana yeye anashinda barabarani na anajua kila gari imebeba nini, alikuwa anapita asubuhi anaita tu kutoka njiani, "leo Chake kumeshuka!" na kaka anaruka kwenye daladala.

Mabati sasa. Tulichukua geji 28, na kwa asiyejua namba ndogo ndo bati nene, 30 ni jembamba zaidi hata kama muuzaji anakwambia ni mpya kabisa. Mzee alikuwa hapendi kubeba mabati na akasema wazi, Bwana Harusi hana matatizo na uzito, ana matatizo na makelele. Baba akasisitiza. Wakayafunga kwa kamba ya katani, sawa, wakafika bonde la mpunga, upepo wa kusi ukaingia chini ya bati la juu ukalinyanyua, likarudi likapiga mengine paaa! Ng'ombe hajawahi kukimbia toka tumjue, siku ile alikimbia. Alipanda kile kilima peke yake bila tanboi wala jiwe, mzee nyuma anamwita kwa majina yote mazuri, mdogo wetu na jiwe lake mkononi anakimbia nyuma hana pa kuliweka. Tulimkuta nyumbani amesimama mbele ya mlango usio na mlango, anatafuna majani ya mbaazi za bi mkubwa, mabati yote yako juu ya gari na moja tu limejikunja kona. Safari zilizobaki mzee alitandika magunia katikati ya kila mabati kadhaa na akayafunga kamba tatu, ikawa kimya, na sasa hivi akiona bati anadai magunia kabla ya salamu.

Simu. Simu ya mzee inakaa nyumbani kwake, anaishika mke wake, ukipiga unaambiwa kaenda bondeni, ukipiga tena unaambiwa karudi lakini kalala. Ana mpunga wake wa kuupalilia na mvua tunayoisubiri sie kwa hasira yeye anaisubiri kwa furaha, kwa hiyo zile siku nzuri zenye jua kidogo, ambazo ndo na sie tunazitaka, anaweza kuwa shambani kwake. Dawa ni kumfuata alfajiri baada ya sala, umkamate pale anapomtoa ng'ombe, hapo neno lake ni neno. Ijumaa hafanyi kazi kabisa, sio nusu siku, na ng'ombe pia anapumzika, hilo mie sikulihesabia kosa ila panga ratiba yako vizuri, usiite vibarua wa zege Ijumaa ukitegemea kokoto zitafika.

Risiti hakuna, hesabu anaweka kwa fundo za kamba iliyofungwa ubavuni mwa gari, kila tripu fundo moja, mwisho wa wiki mnahesabu pamoja. Sie tulikuwa na daftari la wifi, na kamba na daftari havijawahi kupishana, hata siku baba alipotaka vipishane.

Na jengine ambalo lingenifanya nimkatae hata angekuwa bure: angalia shingo ya ng'ombe. Kuna magari ng'ombe ana kidonda pale inapokaa nira, nzi wamejaa, na mwenyewe anampiga kwa mti kwenye kilima. Huyo mwache, kwanza haramu kumtesa mnyama, pili ng'ombe mwenye kidonda atalala chini katikati ya njia na mzigo wako. Bwana Harusi shingo yake safi, mzee anaweka gunia lililokunjwa chini ya nira, mti anao lakini kazi yake kuonyesha njia. Akifika anatolewa garini kwanza, anapewa maji, ndo mzigo unashushwa. Sie tulimwekea pumba kwenye karai bovu na mzee chai ya mchaichai na muhogo au mkate wa mofa ukiwepo, na naamini kabisa ndo sababu siku za foleni, watu watatu wanamtaka, sie tulikuwa hatuachwi.

Baada ya magharibi usimwite, na akikubali wewe kataa. Gari haina taa, barabara ya Chake–Wete magari yanakwenda kasi, na ng'ombe mwenyewe ni mweusi.

Nyumba imeezekwa, bi mkubwa kahamia chumba cha mwanzo kilichopata sakafu, lipu ya nje bado, inasubiri mavuno ya karafuu. Kwa anayetaka huduma: namba yake siiweki hapa, na hata ningeiweka ungeongea na mke wake. Nenda Ole asubuhi mapema, ulizia gari ya Bwana Harusi, mtoto yeyote atakupeleka. Kama una mabati, nenda na magunia.